Lile doa jeusi kando ya Msalaba wa Kusini: kuhesabu vumbi la angani kwa laptopu

Ilikuwa jioni ya Mei, umeme umekatika mji mzima, nasi tumesimama nje ya bweni. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha kidole kusini, kando ya Msalaba wa Kusini, akaniuliza: "Mwalimu, pale pana shimo?" Njia Nyeupe ilikuwa imetanda kama unga uliomwagika, na katikati ya weupe ule palikuwa na doa jeusi, upana wake vidole vitatu au vinne ukinyoosha mkono. Nikamjibu kwamba si shimo, ni wingu la vumbi lililosimama kati yetu na nyota za nyuma yake. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Vumbi kiasi gani?"

Nafundisha fizikia Kongwa, mkoani Dodoma, na swali lile sikuweza kulijibu usiku ule. Nimeandika hapa njia niliyopita hadi nikaweza, ili mwingine mwenye laptopu ya kawaida, bando la kuhesabia na ujuzi wa Python wa kiasi tu asipoteze jioni nilizopoteza mimi.

Kwanza, vumbi unalolijua

Usikimbilie kompyuta. Sisi wa Dodoma vumbi tunalijua, na lile la kwetu linasaidia kuelewa la angani.

Mwezi wa Agosti basi likipita kwenye barabara ya vumbi, taa za gari linalofuata nyuma zinafifia, lakini rangi yake haibadiliki sana. Mwanga umepungua tu. Subiri Septemba watu wanapochoma majani mashambani: jua linazama likiwa jekundu kama pilipili iliyoiva. Vyote viwili ni chembe hewani, ila kimoja kinafifisha na kingine kinafifisha na kukoleza wekundu. Tofauti iko kwenye ukubwa wa chembe. Chembe ya vumbi la barabarani ni kubwa mno ukiilinganisha na urefu wa wimbi la mwanga, kwa hiyo inazuia rangi zote karibu sawasawa. Chembe ya moshi ni ndogo, inakaribia urefu wa wimbi lenyewe au iko chini yake, na hiyo huzuia buluu kuliko nyekundu.

Chembe zilizoko kati ya nyota ni za silikati na kaboni, na nyingi hazifiki hata mikromita moja. Zinazofanya kazi kubwa zaidi kwenye mwanga tunaouona ni za kiasi cha sehemu ya kumi ya mikromita. Tunaliita vumbi, lakini kwa tabia ni moshi. Shika hilo, maana namba moja ya programu, ile inayowatesa wanaoanza, inahusu ukubwa huo wa chembe na si kingine.

Herufi tatu utakazokutana nazo

Ya kwanza ni A_V, yaani magnitudo ngapi za mwanga wa kijani-manjano zimepotea njiani. Magnitudo inapoongezeka nyota inafifia, na kila magnitudo 5 ni tofauti ya mara 100.

Ya pili ni E(B−V), wekundu wa ziada. Unapima rangi ya nyota kwa kutoa magnitudo yake ya kijani-manjano (V) kwenye ile ya buluu (B), kisha unaondoa rangi ambayo nyota ile ingekuwa nayo kama njia ingekuwa safi. Kinachobaki kimeletwa na vumbi.

Ya tatu ni R_V, na inaunganisha mbili za kwanza: A_V = R_V × E(B−V). Wastani wake katika galaksi yetu ni 3.1. Kwenye mawingu mazito, ambako chembe zimeshikana na kukua, R_V hupanda hadi 5 na zaidi. Ukirudi barabarani utaielewa mara moja: R_V ndogo ni moshi wa Septemba, R_V kubwa inaelekea kwenye vumbi la basi.

Nyota ya kujaribia

Chagua nyota unayoweza kutoka nje ukaiona. Mimi nilichagua Zeta Ophiuchi, katika kundinyota la Hawaa. Mwanzoni mwa Julai, saa nne usiku, ukiwa Dodoma iko karibu kabisa na utosi. Itafute kaskazini ya Antares, ile nyota nyekundu iliyo moyoni mwa Nge.

Hizi mbili zinafundisha kitu nikiwa nimesimama nje na wanafunzi, kabla hatujagusa kompyuta. Antares ni nyekundu kwa asili. Ni nyota kubwa iliyopoa. Zeta Ophiuchi ni ya aina ya O9.5, joto la uso wake linazidi kelvini 30,000, na nyota ya namna hiyo inapaswa kung'aa kwa ubuluu. Lakini ukiitazama unaona nyeupe tu, haina ubuluu wa kusema. Ubuluu wake umebaki njiani. Kwa hiyo usiseme nyota imekolezwa wekundu na vumbi kwa sababu tu ni nyekundu. Lazima kwanza ujue aina yake, na aina inasomwa kwenye mistari ya spektra, ambayo vumbi haliwezi kuibadilisha.

Namba zake: magnitudo V ni 2.56, rangi B−V iliyopimwa ni 0.02, na rangi ya asili ya nyota za O9.5 ni −0.30. Toa: 0.02 − (−0.30) = 0.32. Hiyo ndiyo E(B−V) yetu. Zidisha kwa 3.1, unapata A_V ya karibu 0.99. Bila vumbi nyota hii ingekuwa na magnitudo 1.57, na mtoto yeyote wa kijijini angeijua.

Hadi hapa kalamu na karatasi vinatosha. Kompyuta inahitajika unapotaka kujua rangi nyingine zote zimepatwa na nini.

Kuweka programu

Ukiwa na Python tayari, andika kwenye dirisha la amri:

pip install numpy astropy matplotlib dust_extinction dustmaps

Fanya hivyo ukiwa na intaneti nzuri, mara moja tu. Baada ya hapo maktaba ya dust_extinction haihitaji mtandao kabisa, na kwa shule zetu hilo ni jambo kubwa.

Sasa fungua faili jipya:

import numpy as np
import astropy.units as u
from dust_extinction.parameter_averages import CCM89

vumbi = CCM89(Rv=3.1)
mawimbi = np.array([0.2175, 0.44, 0.55, 2.2]) * u.micron
print(vumbi(mawimbi))
print(vumbi.extinguish(mawimbi, Ebv=0.32))

CCM89 ni mkunjo (mstari wa grafu unaoonyesha vumbi linafifisha kila wimbi kiasi gani) uliotolewa mwaka 1989 na Cardelli, Clayton na Mathis. Wazo lao ni kwamba ukijua R_V peke yake unaweza kukadiria ufifishaji katika kila urefu wa wimbi, kuanzia urujuanimno hadi infraredi. Ipo mikunjo mipya zaidi ndani ya maktaba hiyo hiyo, kama G23 ya mwaka 2023, ambayo inafika mbali zaidi kwenye infraredi, na kwa kazi ya kweli leo ningetumia hiyo. Ila CCM89 ndiyo utakayoikuta kwenye makala nyingi, na fomula yake ni rahisi kiasi kwamba unaweza kuikokotoa kwa mkono ukahakikisha kompyuta haikudanganyi. Mwalimu anapenda kitu kama hicho.

Mstari wa kwanza wa majibu unakuonyesha ufifishaji wa kila wimbi ukilinganishwa na A_V: karibu 3.19, 1.32, 1.00 na 0.11. Mstari wa pili unaonyesha sehemu ya mwanga iliyofika: kama 0.05, 0.30, 0.40 na 0.90.

Soma namba hizo polepole. Kwenye mwanga wa macho yetu, asilimia 40 tu ya mwanga wa Zeta Ophiuchi umefika. Kwenye buluu asilimia 30. Kwenye infraredi ya mikromita 2.2, asilimia 90 imepita kana kwamba wingu halipo. Na kwenye urujuanimno wa mikromita 0.2175, asilimia 5 tu.

Ile 0.2175 sikuichagua ovyo. Chora mkunjo mzima:

import matplotlib.pyplot as plt
x = np.arange(0.35, 9.9, 0.05) / u.micron
plt.plot(x.value, vumbi(x))
plt.show()

Utaona mstari unapanda kutoka infraredi, ukifika karibu na 4.6 (yaani 1 gawanya kwa 0.2175) unatuna kama nundu ya ng'ombe, unashuka, kisha unapanda tena. Nundu hiyo imejulikana tangu 1965, vipimo vya urujuanimno vilipoanza kuchukuliwa juu ya angahewa. Wengi wanaihusisha na chembe ndogo za kaboni. Ukitaka kujua kama umepanga msimbo wako sawa, tafuta nundu kwanza. Isipokuwepo, kuna kitu kimeharibika.

Kosa lililonila jioni mbili

Umeona nimeandika "* u.micron". Mara ya kwanza sikuandika. Niliingiza 0.55 tupu, nikijua moyoni kwamba ni mikromita. Programu ikanipa 0.15, nikakokotoa kwamba asilimia 87 ya mwanga wa nyota ile imefika, na kesho yake nikaliandika jibu hilo ubaoni mbele ya darasa zima.

Programu ilikuwa imenionya. Maandishi ya onyo yalitokea juu ya jibu, nami nikayapita kama tunavyopita maonyo mengi ya kompyuta. Yalikuwa yakisema namba yangu haina kipimo, kwa hiyo inachukuliwa kuwa moja gawanya kwa mikromita. Wataalamu wa vumbi wamezoea kupima hivyo: badala ya urefu wa wimbi λ wanatumia x = 1/λ. Hivyo 0.55 yangu ilisomwa kama wimbi la mikromita 1.82, ambalo ni infraredi, na kwenye infraredi vumbi linazuia kidogo tu.

Kilichoniokoa ni nundu. Jioni ya pili nikaingiza 0.2175 bila kipimo, programu ikagoma na kutoa ValueError, ikidai namba iko nje ya mipaka. CCM89 inafanya kazi kwa x kati ya 0.3 na 10 tu. Nikakaa nikaitazama ile 0.3. Kama mipaka ni kwa mikromita, mbona inafika 10, na mbona urujuanimno umekataliwa kwenye mkunjo unaojulikana kwa urujuanimno wake? Hapo ndipo nikaelewa. Nilirudi darasani nikafuta asilimia 87, nikaandika 40, nikawaeleza kisa chote, na tukatumia kipindi kizima kuongelea vipimo. Nadhani walijifunza zaidi siku hiyo kuliko kama ningepata jibu sahihi mara ya kwanza.

Andika kipimo kila mara. Hata ukiwa na haraka.

Badilisha R_V uone

Rudi kwenye msimbo, weka CCM89(Rv=5.5), acha E(B−V) ile ile ya 0.32. Kwenye mikromita 0.55 sehemu iliyofika inashuka kutoka 0.40 hadi karibu 0.20. Wekundu ni ule ule, mwanga uliofika ni nusu ya ulivyodhani. A_V sasa ni 1.76.

Hili si jambo dogo, kwa sababu umbali wa vitu vingi angani unakadiriwa kwa kufifia kwao. Ukikosea magnitudo 0.77, umbali unakosewa kwa asilimia 40 hivi. Ukisahau vumbi kabisa kwenye nyota yenye A_V ya 1, utadhani iko mbali mara 1.6 kuliko ilivyo. Hadi mwaka 1930 wanaastronomia walikuwa wanakosea hivyo hivyo. Robert Trumpler, wa Lick Observatory huko California, alipima umbali wa makundi ya nyota kwa njia mbili: kwa kufifia kwake na kwa upana wake angani. Aliona kwamba ukiamini kufifia peke yake, makundi ya mbali yanatoka kuwa mapana kuliko ya karibu, kadiri unavyokwenda mbali ndivyo yanavyozidi kupanuka. Hakuna sababu ukubwa wa makundi ufuate umbali wao kutoka kwetu sisi. Akahitimisha kwamba kuna kitu njiani kinachokula mwanga. Hoja ile naiheshimu sana. Haikuhitaji chombo kipya, ilihitaji mtu asiyekubali jibu lisiloingia akilini.

Kwa hiyo unapotoa jibu lako, sema umetumia R_V gani. Ukiwa unatazama kupitia wingu zito, fanya hesabu mara mbili, kwa 3.1 na kwa 5, uonyeshe zote.

Kuelekea kitovu cha galaksi hali ni mbaya zaidi: A_V inafika karibu 30. Weka Av=30 badala ya Ebv kwenye extinguish, programu itakwambia sehemu moja tu kati ya trilioni ya mwanga wa macho ndiyo inayofika. Kwenye mikromita 2.2 inafika asilimia kadhaa. Ndiyo maana timu za Andrea Ghez na Reinhard Genzel zilifuatilia nyota zinazozunguka pale kwa infraredi, kazi iliyowapatia Nobeli ya fizikia mwaka 2020.

Kama hujui E(B−V): ramani

Kwa Zeta Ophiuchi tulikuwa na aina ya nyota. Mara nyingi huna. Hapo unatumia maktaba ya dustmaps, ambayo inasoma ramani za vumbi zilizotengenezwa tayari. Anza na ile iitwayo SFD, ya mwaka 1998, kwa kuwa ni nyepesi: mafaili mawili, kila moja halifiki megabaiti 70.

from dustmaps.config import config
config['data_dir'] = 'vumbi'
import dustmaps.sfd
dustmaps.sfd.fetch()

from astropy.coordinates import SkyCoord
from dustmaps.sfd import SFDQuery
nyota = SkyCoord('16h37m09.5s', '-10d34m02s', frame='icrs')
print(SFDQuery()(nyota))

Jibu lizidishe kwa 0.86, maana uchunguzi wa mwaka 2011 wa Schlafly na Finkbeiner ulionyesha kwamba ramani hiyo inazidisha. Na ujue inachohesabu: vumbi lote la upande huo hadi nje ya galaksi, likiwemo lililo nyuma ya nyota yako. Kwa galaksi za mbali inafaa sana. Kwa nyota ya jirani inakupa kikomo cha juu tu. Ukikaribia Njia Nyeupe yenyewe, chini ya nyuzi 5 hivi kutoka katikati ya ukanda, usiitegemee.

Kwa nyota unahitaji ramani yenye umbali ndani yake. Wengi watakuelekeza kwenye Bayestar, na ni nzuri, lakini sisi wa kusini mwa Ikweta tuna tatizo nayo: ilijengwa kwa darubini iliyoko Hawaii, na haishuki chini ya nyuzi −30. Msalaba wa Kusini uko karibu na −60. Ukiuliza Bayestar kuhusu doa letu, inakurudishia nan, yaani hakuna kitu. Tumia Edenhofer2023 badala yake, iliyotokana na data ya chombo cha angani cha Gaia. Inafunika anga lote hadi parseki 1,250 (parseki moja ni miaka ya mwanga 3.26). Faili lake ni gigabaiti kadhaa, na linakula RAM. Laptopu yangu ya gigabaiti 4 ilikwama kabisa. Nilimwomba mwalimu mwenzangu wa hesabu ya kwake.

import dustmaps.edenhofer2023
dustmaps.edenhofer2023.fetch()
from dustmaps.edenhofer2023 import Edenhofer2023Query
ramani = Edenhofer2023Query(integrated=True)
d = np.arange(100, 401, 10)
njia = SkyCoord(l=np.full(d.size, 303.0)*u.deg, b=np.zeros(d.size)*u.deg, distance=d*u.pc, frame='galactic')
plt.plot(d, ramani(njia) * 2.8)
plt.show()

Usisahau integrated=True; bila hiyo unapata msongamano wa vumbi mahali pamoja, si jumla ya njia nzima. Na ile 2.8 inageuza kipimo cha ramani kuwa A_V.

Digrii 303 za longitudo ya galaksi, kwenye latitudo sifuri, ndiko liliko doa. Kijana yule sasa yuko kidato cha nne. Alikuja ofisini baada ya vipindi, nikamwachia kibodi abonyeze mwenyewe. Grafu ilipotokea aliweka kidole kwenye skrini, akaufuata mstari kutoka kushoto mahali ulipokuwa bado chini, akafika unapopanda ghafla, kabla ya parseki 200. Akasoma umbali ule kwa sauti, akazidisha kwa 3.26 kwenye karatasi, akapata miaka ya mwanga karibu 600. Kisha akauliza kama anaweza kusogeza longitudo nyuzi chache, atafute ukingo wa wingu uko wapi.